Mechi ya Kirafiki na Amri ya Upendo

Kuna maneno mawili ambayo tumezoea kuyaweka pamoja bila kuyatafakari: mechi na kirafiki. Mechi ni mahali ambapo pande mbili zinataka kitu kimoja kisichogawanyika. Ushindi haukatwi vipande kama mkate wa harusi. Akiupata huyu, yule ameukosa. Urafiki nao ni kumtakia mwenzako mema kama unavyojitakia mwenyewe. Je, inawezekana kumtakia mtu mema na papo hapo kufanya kila uwezalo ashindwe? Au tunaposema "mechi ya kirafiki" tunapaka asali kwenye jambo ambalo ndani yake ni chungu?

Ndugu msomaji asidhani kwamba hili ni swali la wachambuzi wa redioni. Ni swali la waamini, maana sisi sote tunaishi katika mashindano. Maduka mawili yanatazamana hapa Bomani na mteja ni mmoja. Watoto wetu wanashindania nafasi za shule. Kwaya mbili za kanisa moja hushindana, na tusiseme ni kwa utukufu wa Mungu peke yake. Kama ushindani na upendo haviwezi kukaa nyumba moja, basi sehemu kubwa ya maisha yetu iko nje ya amri ya Kristo, na tunaipenda jirani yetu siku ya Jumapili tu. Mpira wa miguu unatusaidia kulitazama swali hili kwa sababu uwanjani kila kitu huonekana wazi mbele ya watu.

Tutazame basi yale yaliyotokea katika nchi zetu. Juni 2017 klabu nane zilikutana Dar es Salaam katika mashindano yaliyoitwa SportPesa Super Cup. Nne zilitoka Kenya: Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker na Nakuru All Stars. Wenyeji walikuwa Simba, Yanga, Singida United, na Jang'ombe Boys ya Zanzibar. Hayakuwa mashindano ya shirikisho la Afrika, wala hapakuwa na pointi za ligi. Fainali ikawakutanisha Wakenya wawili ambao ni wapinzani wa miaka mingi, na Gor Mahia ikaifunga AFC Leopards mabao 3 kwa 0 katika ardhi ya ugenini. Zawadi yao kubwa ilikuwa kucheza na Everton ya Uingereza. Tarehe 13 Julai mwaka huo Everton ikafika Dar es Salaam. Wayne Rooney, aliyekuwa amerudi tu katika klabu ya ujana wake, alifunga kwa shuti la mbali. Jacques Tuyisenge wa Gor Mahia akasawazisha. Mwishowe wageni wakashinda 2 kwa 1.

Mwaka 2018 mashindano yalihamia Nakuru, na Gor Mahia ikachukua tena kombe kwa kuifunga Simba 2 kwa 0. Mwaka 2019 yakarudi Dar es Salaam, Kariobangi Sharks ya Nairobi ikalitwaa, na Julai ya mwaka huo vijana hao wa Kariobangi wakatoka sare ya bila kufungana na Everton katika uwanja wa Kasarani, kisha wakashinda kwa mikwaju ya penati.

Zanzibar nayo ina Kombe la Mapinduzi, linalochezwa kila Januari tangu mwaka 2007, ambapo klabu za Visiwani na Bara hualika wageni. KCC ya Kampala ililibeba mwaka 2014 baada ya kuifunga Simba, na URA, ya Uganda pia, ikalibeba mwaka 2016 kwa kuifunga Mtibwa Sugar. Hebu tupime jambo hilo kwa kumbukumbu ya wazee wetu. Mwaka 1978 na 1979 Tanzania na Uganda zilipigana vita, na vijana wa mkoa huu wa Mara hawakubaki nyuma. Miaka 35 baadaye vijana wa Kampala walikuja Tanzania wakawafunga wenyeji mbele ya wenyeji, wakapewa kombe, wakalala salama, wakaondoka. Hatusemi kwamba mpira ulileta amani hiyo. Amani ilipatikana kwa gharama nyingine. Lakini mpira uliionyesha, kama vile homa inaposhuka mtu huonyesha kupona kwake kwa kuomba chakula.

Na si kwetu tu. Kati ya mwaka 2003 na 2007 mabingwa wa ligi za Japani, Korea Kusini na China walikuwa wakikutana katika kombe lililoitwa A3 Champions Cup, mara ya kwanza mjini Tokyo. Hizo ni nchi ambazo mababu zao walitendeana mambo mazito, na majeraha hayo hayajafutika mpaka leo. Hata hivyo klabu zao zilivuka bahari zikachezeana.

Sasa turudi kwenye swali. Wako wanaosema jibu ni rahisi: mechi inakuwa ya kirafiki pale ambapo matokeo hayana maana. Wachezaji wasichezeane kwa nguvu, kocha ajaribu wale wa benchi, na atakayeshinda ashinde. Kwa maoni yao, ili upendo uingie uwanjani ni lazima ushindani upunguzwe.

Sisi hatukubaliani nao. Mtazame mtu anayecheza nawe huku akijizuia. Anakupa mpira, anakuacha upite, anacheka. Je, huo ni urafiki? Mtoto wa miaka minne atafurahi, lakini mtu mzima atajua kwamba amedharauliwa. Anayenichezea kwa nusu ya nguvu zake ameshaamua moyoni kwamba mimi si wa kiwango chake. Vijana wa Kariobangi wasingekuwa na cha kusimulia kama wangeambiwa kwamba Everton iliwaachia. Heshima ya siku ile ilitoka katika jasho la pande zote mbili. Mpinzani anayetoa yote aliyo nayo ananipa kitu ambacho rafiki anayenibembeleza hawezi kunipa: ananionyesha mimi ni nani.

Maandiko nayo hayaogopi mashindano. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza, anatumia mfano wa wakimbiaji na wapigana ngumi, wala hawaambii watu wakimbie polepole ili wasiwaudhi wenzao. Anawataka wakimbie kama watu wanaotaka tuzo. Akimwandikia Timotheo anaongeza sharti: mshindani hapati taji asipofuata kanuni. Na Yakobo, katika Mwanzo sura ya 32, alishindana mweleka usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki. Hakulegeza mikono. Aliondoka akichechemea, na aliondoka amebarikiwa. Kisha tusisahau kilichofuata asubuhi yake: ndiyo siku aliyokutana na Esau, ndugu aliyekuwa amemkosea, wakakumbatiana wakalia. Yule aliyeshindana kwa moyo wote usiku ndiye aliyeweza kuinama mbele ya ndugu yake mchana.

Kwa hiyo urafiki katika mechi haupimwi kwa ulegevu wa mchezo. Unapimwa kwa mpaka uliowekwa kuuzunguka. Na hapa sisi Watanzania tuna hekima ambayo hatukuagiza kutoka nje, nayo ni utani. Simba na Yanga tunaziita watani wa jadi. Wengi hulitamka neno hilo kama jina zuri la uadui, lakini wazee walimaanisha jambo jingine. Mtani ana ruhusa ya kunicheka, kunipokonya kofia, kuniambia maneno ambayo mtu mwingine akiyasema tutafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu: nikifiwa, yeye hufika, huchekesha waliolia, huchimba kaburi, husimamia kazi za msiba. Wazee husimulia kwamba baadhi ya makabila yaliyokuwa yakipigana zamani ndiyo yaliyokuja kuwa watani. Yaani walioshindwa kuua uhasama wao wote waliupa mipaka, wakaufunga kamba kama fahali, wakaufundisha kulima.

Huo ndio ufafanuzi bora wa mechi ya kirafiki tunaoujua. Ni ushindani ambao tayari umefungwa ndani ya wajibu mkubwa zaidi. Nitakufunga nikiweza, lakini ukivunjika mguu nitakubeba. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kwamba si mwungwana au si Mkristo. Walisema si mshindani. Kukubali kushindwa ni sehemu ya ushindani wenyewe. Asiyekubali hajaingia kwenye mashindano. Ameingia vitani akiwa amevaa jezi.

Tuna mfano hai. Katika fainali ya Nakuru mwaka 2018, mmoja wa waliowafunga Simba alikuwa Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda, mchezaji wa timu ya taifa ya Rwanda, aliyekuwa akichezea klabu ya Kenya. Mwaka huo huo Simba ikamsajili. Akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2018/19, na tena msimu wa 2019/20. Mashabiki walioumizwa naye wakaimba jina lake. Mtu atasema hiyo ni biashara, si upendo, na tunakubali kwamba biashara ilikuwemo. Lakini tuone pia kilichowezekana: aliyewaumiza jana hakubaki adui milele. Laiti sisi tuliobatizwa tungeweza kuwapokea waliotushinda kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa kwa wepesi ule ambao mashabiki wa Simba walimpokea Kagere.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Kuna jambo linalosumbua dhamiri, nalo liko katika jina lenyewe la mashindano yale. SportPesa ni kampuni ya kubashiri matokeo. Jina lake ndilo lililokuwa kifuani mwa jezi za Everton, na ndiyo maana Everton ilikuja Dar es Salaam na Nairobi. Kampuni ilifanya biashara halali kwa mujibu wa sheria, na ilitoa fedha ambazo wengine hawakuzitoa. Bila fedha hizo Jang'ombe Boys wasingekutana na klabu za Kenya kwa namna ile, wala kijana wa Kariobangi asingesimama mbele ya wachezaji aliowaona kwenye televisheni tu. Tuwe waadilifu katika hilo.

Lakini tuulize: anayebeti anafanya nini kwa mpinzani, na anafanya nini kwa rafiki? Shabiki ana timu. Timu ikifungwa, analia pamoja na wengine maelfu, na kesho anarudi uwanjani. Mwenye mkeka hana timu. Leo anaitakia Gor Mahia ushindi, kesho anaiombea ifungwe, kutegemea ameweka wapi shilingi elfu mbili zake. Akipoteza analia peke yake, chini ya mwembe, akiogopa kumwambia mke wake. Wachezaji ishirini na wawili kwake wamekuwa namba. Tunaona hapo ubaya ulio mkubwa kuliko kupoteza fedha: kubeti kunamfundisha mtu kutazama jasho la wenzake bila kumtakia mema yeyote kati yao. Mpinzani wa kweli ananitaka nishindwe leo, lakini ananihitaji niwepo kesho. Mwenye mkeka hamhitaji mtu.

Na historia ikatoa jibu lake. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuongeza leseni za kampuni kadhaa za kubashiri, na SportPesa ikaondoa udhamini wake katika michezo ya huko. Kombe lile halikuendelea. Kombe la Asia tulilolitaja nalo lilikoma baada ya miaka mitano. Hatumlaumu mtu. Tunajifunza tu kwamba urafiki unaosimama juu ya mdhamini huanguka mdhamini anapoondoka. Kombe la Mapinduzi limeishi muda mrefu zaidi, na tunaamini sababu mojawapo ni kwamba limefungwa kwenye kumbukumbu ya watu, yaani siku wanayoiadhimisha hata kama hapana mpira.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Sisi tunaishi kilomita chache tu kutoka Sirari. Wazee wa Bomani wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya magazetini. Kwetu ilikuwa shangazi aliyeolewa upande wa Isebania, na msiba uliofika masikioni wiki tatu baada ya mazishi. Wakurya wa upande huu na wa upande ule ni watu wale wale, na mstari ulichorwa katikati yao bila kuulizwa. Kwa hiyo timu ya Kenya inapovuka kuja kucheza Tarime, au vijana wetu wanapovuka kwenda kwao, hatupaswi kuliona jambo dogo.

Tuna mpaka mwingine pia, usioonekana kwenye ramani, nao ni wa koo kwa koo. Kila mtu hapa anajua kwamba damu imemwagika katika wilaya hii kwa ajili ya mashamba na mifugo. Na kila baada ya mapigano huja wazo lile lile: tuandae bonanza, vijana wa koo zote wacheze, tuwape jezi na mbuzi wa zawadi, amani irudi. Wazo ni jema, na makanisa yetu yameliunga mkono mara nyingi. Lakini je, linatosha?

Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, anafundisha kuhusu mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anamwagiza aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane, ndipo arudi kuitoa. Mpangilio huo ni muhimu. Mungu mwenyewe hataki sadaka itumike kufunika ugomvi. Kama sadaka haiwezi kuchukua nafasi ya upatanisho, kombe litawezaje? Kombe haliwezi kulipa ng'ombe walioibwa. Mbuzi wa zawadi hamrudishii mjane mume wake. Tukiwakusanya vijana uwanjani kabla wazee hawajakaa, kabla kosa halijatajwa kwa jina lake na fidia haijazungumzwa, tutakuwa tumeweka plasta juu ya jipu. Na jipu hilo litapasuka palepale uwanjani, katika dakika ya themanini, mwamuzi atakapokataa bao. Wangapi wetu tumeona mechi za amani zikiishia kwa mawe?

Basi tuache michezo? Hapana. Mtume Paulo anawaambia Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliotenga makundi mawili, akayafanya kuwa kitu kimoja. Ukuta ukibomolewa, watu wanahitaji mahali pa kukutana katika uwazi ule mpya. La sivyo kila mmoja atabaki upande wake akiogopa kuvuka. Mchezo ni mahali pa namna hiyo. Hauwezi kubomoa ukuta, ila unaweza kuwazoesha watu kwamba ukuta haupo tena. Mikono iliyokuwa inashika panga inajifunza kumwinua aliyeanguka. Kijana anapigwa chenga na mtoto wa ukoo ule, anaona aibu, anakasirika, na anagundua kwamba hasira inaweza kuja na kupita bila mtu kufa. Hilo ni somo ambalo mahubiri peke yake hayawezi kulifundisha, kwa kuwa linajifunzwa kwa miguu na mapafu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa sharika na vigango vyetu, kila tunapoandaa mechi tuliyoiita ya kirafiki, tuulize mambo matatu kabla ya kununua mpira.

La kwanza, je, wazee wamekaa? Kama kuna deni la haki kati ya pande mbili, lianze kuzungumzwa. Si lazima limalizike, maana mengine huchukua miaka. Lakini vijana wasitumwe kucheza juu ya jambo ambalo watu wazima wameogopa kulitaja.

La pili, wageni watakula na kulala wapi? Urafiki wa timu mbili hautokei ndani ya dakika tisini, maana muda huo kila mtu anakimbia. Unatokea jioni, wakati golikipa wa Isebania anapokula ugali na dagaa kwa mama wa mshambuliaji wetu aliyemfunga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara nyingi anayehitaji kupona ni mwenyeji. Kama wageni wanafika saa nane, wanacheza, na saa kumi na mbili wako kwenye basi, tumefanya mechi tu.

La tatu, nani analipa, na anataka nini? Nauli na jezi vina gharama, na hatusemi kila mfadhili atiliwe shaka. Lakini ni afadhali kombe la mbao lililonunuliwa kwa mahindi ya washarika kuliko kombe linalong'aa ambalo limewafundisha vijana wetu kuweka mkeka juu ya wenzao.

Na siku ya mechi yenyewe ikifika, tuwaambie vijana wacheze kwa nguvu zote. Wasiwaachie wageni bao hata moja kwa kisingizio cha ukarimu. Wawape heshima ya kuwa wapinzani wa kweli. Kisha filimbi ya mwisho ikilia, aliyeshindwa atangulie kunyoosha mkono, maana mkono wake ndio wenye uzito zaidi. Mshindi yeyote anaweza kutabasamu. Aliyeshindwa akitabasamu kwa moyo mweupe, hapo tutajua kwamba wazee walikaa kweli, na kwamba jina la mechi halikuwa la uongo.